NENO LA MWEZI: KUYUMBA



Mwezi uliopita tuliangalia neno "foleni". Tulipokea majibu 14 ya zoezi, na 7 yalikuwa sawa kabisa. Walioshinda wamekwisha kuchukua kalamu zao. Wengine msikate tamaa, zoezi jipya liko mwisho wa ukurasa huu.

Neno la mwezi huu ni KUYUMBA. Si neno gumu. Kila mtu analijua, hata mtoto wa chekechea. Meza yenye mguu mmoja mfupi inayumba. Mtumbwi unayumba. Mlevi anayumba. Sasa mtauliza, kwa nini tumalize karatasi kwa neno ambalo kila mtu analijua? Tutawaambia sababu. Sababu yenyewe inatutia aibu kidogo sisi tunaofundisha watoto wenu, lakini baba mmoja ametupa ruhusa ya kuiandika, bila kutaja jina lake, na sisi tumeona ni vizuri isomwe.

Sentensi ya binti wa P4

Muhula uliopita tuliandika ubaoni maneno matano: kuchota, kupepeta, kuteleza, kuyumba, kubeba. Kila mtoto achague neno moja, atunge sentensi. Mnajua madarasa yetu, watoto ni zaidi ya mia moja chini ya bati moja, wengine wanaandika juu ya magoti. Tukapita kati yao na kalamu nyekundu. Nusu yao waliandika "ana yumba", maneno mawili, kosa ambalo tunalisahihisha kila wiki.

Binti mmoja wa miaka 11 akawa ameandika hivi: "Baba yetu anayumba kila jioni."

Sentensi safi. Herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni, "anayumba" neno moja. Tulifurahi sana. Tukaweka alama ya vema, tukachukua daftari lake, tukasoma kwa sauti mbele ya darasa zima ili wengine waige.

Darasa lote likacheka. Mvulana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Papa yake ni mulevi!" Wakacheka tena. Na sisi, tuseme ukweli, tulitabasamu. Kisha tukapita kwenye daftari la mwingine.

Kesho yake hakuja shuleni. Kesho kutwa hakuja. Tukadhani ni homa, maana msimu wa mvua malaria ni nyingi. Siku ya tatu watoto wa jirani wakatuambia: "Anakataa kuja. Anasema mwalimu alichekesha watu juu ya papa yake."

Tukaenda kwao jioni. Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti kidogo. Akainuka atupatie kile kiti, na alipoinuka tukaona kwa macho yetu: alishika nguzo ya nyumba, akasimama kidogo, ndipo akaweza kupiga hatua. Tulisalimiana. Tukaanza kuzunguka zunguka, kuongea habari ya mvua na ya shule, kwa sababu hatukujua pa kuanzia. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyetukata maneno: "Mwalimu, papa hakunywaka pombe."

Basi yule baba akatueleza polepole. Mwaka 2025, WFP ilipokosa fedha, watu wapatao milioni 1 hapa Uganda waliondolewa kwenye orodha ya chakula. Nyumba yake ni moja ya hizo. Tangu hapo anaenda kulima leja-leja kwenye mashamba ya wenyeji. Anatoka kabla ya jua bila chai, anatembea karibu saa mbili, analima mpaka alasiri, analipwa muhogo au pesa kidogo, anarudi. Jioni chakula kinatosha watoto. Wakimkaribisha anasema, "Nimekula kule shambani." Hajala. "Jua likianza kuzama," alisema, "macho yanaona giza, miguu hainisikii. Ninatembea kama niko ndani ya mtumbwi." Njia yake inapita karibu na mahali wanapouza waragi. Watu wanamwona anatoka upande ule akiyumba. Wamekwisha kukata kesi.

Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha kwa baba, kisha kwa mtoto. Na usiku ule tukaamua neno la mwezi litakuwa hili.

Kuyumba ni nini

Kuyumba ni kwenda upande huu na upande ule bila kutulia, huku kitu chenyewe bado kimesimama. Sehemu hii ya mwisho ni muhimu. Kikianguka, hakiyumbi tena, kimeanguka. Mti unaoyumba kwenye upepo bado una mizizi. Mtumbwi unaoyumba bado unaelea. Mtu anayeyumba bado anajitahidi kusimama.

Wengi wetu tuliotoka Ituri tulijifunza neno hili juu ya maji. Mwanzo wa mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert wakikimbia vita. Walipanda mitumbwi upande wa Tchomia, wakatelemkia Sebagoro. Mashua zilijaa kupita kiasi, safari ilichukua saa nyingi, na si wote waliofika. Walio na umri wetu walikuwa watoto na vijana wakati ule. Mnakumbuka sauti za wenye mashua: "Mukae chini! Musisimame!" Chombo kinayumba, na mtu akisimama kwa hofu kinayumba zaidi. Wanaoinuka wote upande mmoja ndio wanaokipindua.

Mnakumbuka pia kitu kingine. Tulipofika nchi kavu, ardhi ikawa bado inayumba. Ukilala chini usiku unasikia kama mawimbi yanakuinua. Watoto walidhani ni uchawi. Si uchawi. Ndani ya sikio la mtu, huko ndani kabisa, kuna majimaji kidogo yanayoujulisha ubongo kama mwili umesimama wima au umeinama. Ukikaa saa nyingi juu ya mawimbi, ubongo unazoea ule mwendo, na ukishuka unachukua muda kuuacha. Ndiyo sababu pia mtu mwenye ugonjwa wa sikio la ndani anaweza kuyumba wakati miguu yake haina tatizo lolote.

Ndugu za neno hili

Kiswahili ni tajiri kwa mambo ya mwendo. Watu wengi wanatumia "kuyumba" kwa kila kitu, lakini kila neno lina kazi yake. Angalieni:

Kupepesuka. Huku ni kuyumba kwa kukosa nguvu, karibu kuanguka. Mgonjwa anayetoka kitandani mara ya kwanza anapepesuka. Ukimwona mtu anapepesuka, usimtazame tu, nenda umshike mkono.

Kuyumbayumba. Neno likirudiwa, tendo linarudiwa. Anayeyumba mara moja pengine amekanyaga vibaya. Anayeyumbayumba, hali hiyo inaendelea njia nzima.

Kulewalewa. Hili linashangaza. Linatoka kwenye "kulewa", lakini linasemwa hata kwa chombo kwenye maji. Mashua inalewalewa, na haijaonja pombe hata siku moja. Wazee waliotumia neno hili walijua kwamba kuyumba na kunywa ni vitu viwili.

Kuchechemea. Ni kutembea kwa kuegemea mguu mmoja kwa sababu mwingine unauma au ni mfupi. Anayechechemea hayumbi. Njia yake imenyooka, mguu ndio una shida.

Kuteleza na kujikwaa. Unateleza kwenye tope, unajikwaa kwenye jiwe. Sababu iko chini, kwenye njia, haiko ndani ya mtu. Methali inasema "Kuteleza si kuanguka."

Kutetereka. Mguu unapokosa pa kukanyaga na kwenda upande ghafla, hasa kwenye kifundo. Akina mama wanaobeba bido la maji kwenye mteremko wanalijua vizuri.

Kutetemeka. Hapa kitu kinacheza mahali pale pale, haraka haraka. Mtu mwenye homa anatetemeka. Ardhi nayo inatetemeka: wenzetu wa Goma waliona volkano ya Nyiragongo ikilipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata ardhi ikawa inatetemeka mpaka maelfu wakahama mji. Ardhi ilitetemeka, nyumba zikayumba. Mnaona tofauti?

Kunesa. Ubao wa daraja au tawi la mti linapobonyea na kuinuka ukilikanyaga, linanesa.

Kusuasua. Kwenda kwa shida, kusimama, kwenda tena. Injini ya mashine ya kusaga inasuasua mafuta yakiisha.

Kusimama dede. Hili ndilo tamu kuliko yote. Mtoto mchanga anayejaribu kusimama kwa mara ya kwanza, akiwa ameachia mkono wa mama, anasimama dede. Na yeye anayumba, lakini nyumba nzima inapiga makofi. Hakuna anayemwita mlevi.

Mwendo mmoja, sababu nyingi

Tunataka msome sehemu hii polepole. Neno "kuyumba" linasema mwendo, halisemi sababu. Sababu tunaiongeza sisi wenyewe kwa midomo yetu, na mara nyingi tunaongeza ile iliyo karibu, yaani pombe. Tumezungumza na wahudumu wa afya wa VHT, tukawauliza: ni nini kinachoweza kumfanya mtu ayumbe? Wakatuhesabia.

Njaa. Mwili usio na chakula unakosa nguvu, kichwa kinazunguka, hasa ukisimama haraka. Hii iko kwenye nyumba nyingi kuliko tunavyotaka kukubali.

Malaria na upungufu wa damu. Mtu anaweza kutembea na vyote viwili kwa wiki nyingi akidhani ni uchovu tu.

Kukaukiwa maji. Kipindupindu kilipoingia makambi ya Kyangwali na Kyaka Februari 2018, watu walikuwa wanafika kwenye zahanati wanapepesuka kwa sababu maji yote yameisha mwilini. Mtu akiharisha, mpeleke haraka, na njiani anywe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Dawa. Ziko dawa ambazo zinaleta kizunguzungu, kwa mfano baadhi ya dawa za kifafa. Mtoto anayezimeza anaweza kuyumba darasani. Walimu tuambiwe, tusidhani anacheza.

Muhogo mchungu. Hapa tukae kidogo, maana kuna ugonjwa ambao unaitwa konzo, na jina lake limetoka Congo kwetu. Ni neno la Wayaka wa kusini-magharibi ya nchi, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji. Unakamata hasa watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa, wakati wa njaa, watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri, wiki kwa wiki, bila maharagwe wala samaki wala nyama. Miguu inakakamaa ghafla. Mtu anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanapishana kama mkasi, anahitaji fimbo, na mwingine hatembei kabisa. Ugonjwa ukishaingia hautoki, lakini hauongezeki bila sababu, na mtoto anaweza kusoma. Hauambukizi. Si ulozi. Tunaandika hivi kwa sababu tumesikia mtu akisema juu ya mtoto wa miguu kama hiyo kwamba nyanya yake "amemfunga". Nyanya hakufunga mtu. Njaa na haraka ya kupika ndizo zilizofunga.

Sumu ya muhogo inaweza pia kuua siku ile ile. Septemba 2017, wilayani Kasese hapa Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo kwenye matanga, na 2 wakafa. Kwa hiyo akina mama na akina dada, na sisi vijana tunaojipikia: menyeni muhogo, loweka ndani ya maji siku 3 kamili, kisha anika juani mpaka ukauke kabisa. Tunajua njaa haingoji siku 3. Kama umenunua unga na hujui ulitayarishwa namna gani, changanya unga na maji, tandaza kwenye ungo au sahani pana, unene usizidi sentimita 1, acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu upike siku hiyo hiyo. Sumu kubwa inaondoka na hewa.

Na pombe? Ndiyo, pombe nayo imo kwenye orodha. Hatusemi haimo. Waragi inaharibu nyumba hapa kambini, tunaona, na tutaiandikia siku yake. Lakini imo kama moja kati ya nyingi. Na hata yule anayekunywa, mara nyingine anakunywa juu ya jambo ambalo hatulijui.

Moyo nao unayumba

Neno hili limetoka kwenye maji na miti likaingia ndani ya maisha yote. Bei ya mahindi inayumba. Ndoa inayumba. Imani inayumba. Mtu tunayemwamini tunamsifu kwamba ana msimamo usioyumba. Waandishi wa magazeti wanapenda kusema "uchumi unayumba" kwa sababu ni njia ya upole ya kusema kwamba hali ni mbaya lakini haijaanguka.

Kuna na kitenzi kingine ambacho tunataka mkikamate, nacho ni KUYUMBISHA. Ukiongeza "-ish-", maana yake kuna mtu anayesababisha. Upepo unayumbisha mti. Mtu anamyumbisha mwenzake.

Mfano uko hapa hapa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimeshapewa tarehe ya ndege, zimeuza kuku, zimegawa masufuria kwa majirani, ziliambiwa ndege haipo. Hiyo peke yake ilitosha kuyumba. Lakini wakaja na watu wa kuwayumbisha zaidi: eti lipeni kiasi fulani jina lenu litarudi, eti kuna orodha mpya, eti toeni namba ya simu na picha. Ndugu zetu, huduma za HCR hazilipiwi, wala ya safari wala ya karatasi yoyote. Anayeomba pesa anayumbisha chombo kilichojaa watu. Kumbukeni wenye mashua wa mwaka 2018: kaeni chini, msiinuke wote upande mmoja.

Ukiyumbishwa na mtu, kitenzi kinaongeza "-w-": nimeyumbishwa. Ukikataa, unasema: siyumbishwi. Wanafunzi, andikeni hilo kwenye madaftari.

Namna ya kuandika

1. Andika neno moja: anayumba, walikuwa wanayumba, hautayumba. Usiandike "ana yumba" wala "hauta yumba".

2. Angalia ngeli. Mtoto anayumba, watoto wanayumba. Mti unayumba, miti inayumba. Kiti kinayumba, viti vinayumba. Meza inayumba, meza zinayumba.

3. Wengi wetu nyumbani tunasema "batoto banayumba" na "biti binayumba". Hatusemi ni kosa. Ni Kiswahili cha nyumbani, kimetulea, na bibi zetu wasingetuelewa tukisema vingine. Lakini kwenye mtihani na kwenye barua ya ofisini andikeni "watoto wanayumba" na "viti vinayumba". Serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na watoto wetu ambao Kiingereza kinawapa shida wana bahati hapa. Lugha tuliyokuja nayo kwenye mtumbwi inaweza kuwapatia alama.

4. Msichanganye "yumba" na "nyumba". Kila muhula kuna mtoto anayeandika "upepo uliinyumbisha nyumba." Tunacheka, lakini kwa hili tunacheka wote pamoja na yeye.

Binti alirudi

Alirudi baada ya siku nne. Kabla ya somo tulisimama mbele ya darasa tukasema kwamba sisi walimu tulikosa: tulisoma sentensi ya mwenzenu kwa kumsifu, mkacheka, na hatukuwazuia. Hatukueleza mambo ya nyumba yao, hayo si ya darasa. Tuliwaambia tu kwamba aliyepaza sauti alisema kitu asichokijua. Yule mvulana aliinamisha kichwa. Mchana tulimwona anamgawia muwa.

Kisha tukamwita binti pembeni na daftari lake. Tulidhani labda ataona uchungu kuiona ile sentensi, tukamwambia anaweza kuifuta na kuandika nyingine, alama yake itabaki. Akaiangalia. Akasema, "Hapana mwalimu. Sentensi iko sawa."

Na kweli ilikuwa sawa. Tangu mwanzo aliandika alichokiona, hakuongeza kitu. Waliongeza wengine.

Baba alipelekwa na VHT kwenye kituo cha afya. Walimkuta na malaria na damu kidogo, wakampa dawa. Amepata nafuu, ingawa bado anaenda leja-leja na bado anatoka bila chai. Malalamiko ya nyumba yake juu ya chakula yako mezani, na mpaka tunapoandika hapa jibu halijafika. Majirani wawili sasa wanatembea naye njia ile jioni wakirudi. Mmoja wao, ametuambia mwenyewe tuandike, ni yule aliyekuwa wa kwanza kusema anakunywa.

Kwa hiyo, mzazi, na wewe kijana, ukiona mtu anayumba njiani, kuna maswali mawili unaweza kuuliza. La kwanza ni lile la kuuliza wengine: "Ule amekunywa wapi?" La pili ni la kumwuliza mwenyewe: "Papa, mama, unajisikiaje? Umekula?" Tunaomba mwezi huu tujaribu la pili.

Zoezi la mwezi huu

A. Jaza neno linalofaa: anapepesuka, anachechemea, anatetemeka, amesimama dede, linanesa.
1. Mtoto wa dada yangu ana miezi kumi, leo ______ bila kushikwa.
2. Daraja la mbao ______ tukipita na baiskeli.
3. Mgonjwa ametoka kitandani, ______, mshikeni.
4. Ana homa kali, ______ ingawa amefunikwa blanketi mbili.
5. Mwiba ulimchoma mguu wa kushoto, ndiyo maana ______.

B. Badilisha iwe ya kutendwa: "Uvumi uliwayumbisha wakimbizi wengi."

C. Kwa wazazi na watoto pamoja: mwulize mzee mmoja wa bloki yenu neno wanalotumia katika lugha ya mama yao kwa mtu anayeyumba, na kwa mtoto anayesimama dede. Andikeni maneno hayo na jina la lugha. Tutayapanga kwenye ukurasa wa mwezi ujao.

Leteni majibu ofisi ya shule kabla ya tarehe 20. Karatasi ya upande mmoja inatosha, hata ya daftari la zamani. Watakaoshinda watapata kalamu mbili na daftari moja.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, neno letu litakuwa "jirani". Tunawatakia mwezi mwema.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.